Nyayo Zilizoishia Mlangoni kwa Apolinary

Mahabusu, Musoma
11 Februari 2024

Mdogo wangu Getruda,

Salamu za kwanza zimwendee askari anayefungua barua hii kabla yako. Afande, habari za kazi, na pole kwa mwandiko wangu. Za pili ni zako, na za mwanao Gody, na za kuku wako wa Nyasura ambao najua wamenona kuliko mimi. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linauma ukivuma upepo wa ziwani, lakini lilikuwaga hivyo hata nyumbani, siwezi kuisingizia serikali. Tunakula ugali na maharage. Wifi yako Rhobi alikuja juzi, anasema mtama umeota vizuri na mbwa ananitafuta.

Najua umeshasikia habari kwa watu wa sokoni, na watu wa sokoni ukiwapa ng'ombe saba wanakurudishia sabini. Sasa sikia kwangu.

Ng'ombe saba wa Alfonsi wa kijijini kwetu waliibwa Desemba, mvua ikiwa imenyesha. Asubuhi Silasi akachukua nyayo. Silasi unamkumbuka, ndiye yule aliyetaka kukuoa ukamkimbia, ukaenda Bunda. Tangu siku ile anatembea akitazama chini, ndiyo maana akawa hodari wa nyayo. Basi nyayo zikaja, zikaja, zikaingia mlango wa zizi langu. Silasi akachomeka fimbo pale mlangoni akasema kazi yake imekwisha.

Mila yetu unaijua. Nyayo zikiingia kwako, ama unazitoa, yaani unawaonyesha wenzako zilikoelekea, ama unalipa ng'ombe wa watu. Ritongo likakaa, baraza zima la wazee. Wakaniambia Apolinary, zitoe nyayo. Nikasema sizitoi. Wakasema basi lipa. Nikasema silipi, sikuiba. Wakauliza, kama hukuiba mbona huzitoi? Nikawajibu kwamba anayesema niliiba ndiye azitafute, mimi nina mihogo ya kupalilia. Hapo wakanitenga. Asije mtu kuomba moto kwangu, Rhobi asisagiwe unga, tukifa tujizike. Baada ya wiki mbili wakaona bado nacheka, wakaniitia polisi.

Hakimu amesema dhamana iko wazi. Anataka wadhamini wawili, kila mmoja na barua ya mtendaji wake. Wa kijijini kwetu mtendaji amewakatalia barua, eti nimetengwa. Mmoja nimempata, shemeji yangu Mayala wa kule Kiriba. Bado mmoja. Wewe una nyumba, una jina zuri kanisani. Njoo na barua ya mtendaji wako tu, nitoke nikamtulize mbwa.

Kaka yako,
Apolinary Nyamburi, ambaye mpaka leo si mwizi


Nyasura, Bunda
9 Machi 2024

Kaka yangu Apolinary,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata, nimefurahi kuona mkono wako, sikufurahi kuona maneno ya kumtania askari. Wewe hutakua lini? Huku tunaendelea na Kwaresima. Pamba ya majirani imeshambuliwa na wadudu. Nimekutumia dagaa wa kukaanga kwa mkono wa mama mmoja wa jumuiya yetu, uniambie kama walikufikia wote.

Gody hayupo. Bucha yake ya Kabasa ameifunga tangu kabla ya Noeli. Anasema mashine ya kukatia mifupa imekufa, ameenda Mwanza kutafuta spea. Anapiga simu mara mojamoja.

Kuhusu dhamana, kaka, mtendaji wetu anaumwa. Halafu miguu yangu imevimba, gari la kwenda Musoma siliwezi. Halafu hati ya nyumba bado ina jina la marehemu mume wangu. Tusubiri kidogo.

Wazee wanashangaa kwa nini hukuzitoa nyayo. Mimi juu ya hilo sisemi kitu.

Nakuombea kila siku.

Mdogo wako,
Getruda


Mahabusu, Musoma
2 Aprili 2024

Getruda mdogo wangu,

Afande, heri ya Pasaka. Umeona dada yangu anavyokutetea? Dagaa walifika, nashukuru, ingawa walikuwa wamepunguka njiani, nadhani wengine walirudi ziwani. Hali yangu nzuri. Nimeota kitambi cha upande mmoja.

Umenipa sababu tatu za kutokuja. Ungenipa moja ningeamini. Lakini sikulaumu, miguu ni yako. Gody akipiga simu umwambie spea za Mwanza nyingi ni bandia, asiharakishe kununua.

Humu nimepata mwalimu, anaitwa Benjamini. Ni mwalimu kweli, wa sekondari, ameshtakiwa kwa kumtukana mtu, nadhani kwa Kiswahili sanifu. Ana kitabu cha Katiba kimechanika jalada, anatusomea jioni kabla hatujafungiwa. Kuna mahali amesoma kwamba mtu aliyeshtakiwa asifanywe mkosaji mpaka kosa lithibitike. Nikamwambia arudie. Akarudia mara tatu. Nikamuuliza hicho kipengele kimeingia mwaka huu? Akasema kimo tangu miaka ya themanini. Nikamwambia basi kimefika Musoma, ila kijijini kwetu hakijapata usafiri.

Unaona, Getruda? Mimi darasa la nne langu nililimaliza kwa viboko, nilidhani ule ubishi wangu mbele ya ritongo ni ubishi tu. Kumbe kuna watu walikaa na tai shingoni wakaubisha kabla yangu.

Sasa nikusimulie ya kituoni. Kituo sikitaji, afande asije akapata kazi ya kufuta. Waliponikamata nilikuwa na mabuti ya mvua na lile koti langu la mwaka wa njaa. Kijana mwenye karatasi akanionya vizuri sana kwamba silazimiki kusema neno lolote. Nikamshukuru moyoni, nikanyamaza. Akauliza jina, nikamtajia, jina si siri. Akauliza kabila, kimya. Akauliza kama najua kusoma na kuandika, kimya. Akauliza ng'ombe wako wapi, kimya. Akakasirika. Nikamwambia, mwanangu, si wewe uliyenionya? Mimi nimekutii.

Wakanipiga makofi mawili, si makubwa. Mama yetu alipigaga zaidi. Halafu wakanishika mkono kwa nguvu, wakachovya dole gumba langu kwenye wino, wakaligandamiza kwenye karatasi. Nimekuja kuambiwa mahakamani kwamba ile karatasi ina maelezo yangu, kurasa mbili, nimekiri kila kitu, hata kamba niliyofungia ng'ombe ilikuwa ya rangi gani.

Kesi inaahirishwa kila baada ya wiki mbili, upelelezi haujakamilika. Wanapeleleza nini sijui, maana mimi nipo hapa hapa.

Kaka yako,
Apolinary


Nyasura, Bunda
20 Mei 2024

Kaka,

Nisamehe kwa kuchelewa, sikuwa na nguvu ya kuandika. Tumezika jirani, mama Brenda, yule aliyekuwa anashona sare za kwaya. Mvua imekatika mapema. Gody amerudi wiki moja, akaondoka tena. Amekonda.

Silasi alikuja kwangu ametumwa na wazee. Usicheke. Nilimpa uji akanywa, akasema ritongo limekaa tena. Wanasema ukikubali kosa mahakamani na ukatoa ng'ombe saba, Alfonsi ataenda mwenyewe kumwambia hakimu amekusamehe, na kutengwa kwako kutaondolewa. Rhobi anasaga unga kwa jiwe, kaka, kama enzi za bibi. Mikono yake imechubuka. Una miaka sabini na tatu. Sema tu ndiyo mara moja, utoke. Mungu anajua ukweli, inatosha.

Kama unafanya haya kwa ajili ya mtu, usifanye. Hakuna aliyekuomba.

Dhamana bado sijapata nafasi.

Getruda


Mahabusu, Musoma
19 Juni 2024

Mdogo wangu,

Pole kwa msiba wa mama Brenda. Alinishonea suruali moja mwaka fulani, mguu mmoja mrefu, nikawa natembea upande wa mlima tu. Mungu amlaze pema. Afande, leo barua ni ndefu, vuta kiti.

Nimesoma ombi lako. Nimelisoma kimya, halafu Benjamini akanisomea kwa sauti, maana nilidhani macho yangu yamekosea. Hapana, Getruda. Kumwambia hakimu ndiyo kwa jambo nisilolitenda, huo ni ushahidi wa uongo hata ukisemwa na mimi juu yangu. Na ng'ombe ninao tisa. Nikitoa saba nabaki na wawili na jina la mwizi, na wale wawili watanicheka. Rhobi nilimuuliza alipokuja. Ameniambia nikikiri, jiwe la kusagia atanirushia mimi.

Kesi imesikilizwa juzi. Hakimu ni binti, anaweza kuwa mjukuu wangu, ana sauti ndogo, mpaka karani anainama kumsikia. Wakili sina. Nikaambiwa naweza kuwauliza mashahidi maswali mwenyewe. Mdogo wangu, mimi miaka yote natafuta mahali ambapo mtu akikuuliza swali unaruhusiwa kumrudishia mengine, kumbe ni mahakamani.

Akapanda Silasi. Akaeleza nyayo zake vizuri, kwato kwa kwato. Nikasimama.

"Silasi, nyayo ziliingia kwangu?"

"Ziliingia."

"Zilitoka?"

Akarudia kwamba ziliingia. Nikamuuliza kama alizunguka nyuma ya zizi langu, kwenye ule uwazi wa kutokea barabara ya Bunda.

"Si kazi yangu. Kazi yangu huishia mlangoni. Kutoa nyayo ni kazi ya mwenye mji."

Hakimu akaacha kuandika. Akamuuliza taratibu, kwa hiyo mzee hujui kama ng'ombe walibaki pale au walipita? Silasi akasema kwa mila hatuulizi hivyo. Hakimu akasema kwa sheria ndivyo tunavyouliza. Silasi akashuka akitazama chini, lakini yeye hutazamaga chini siku zote.

Halafu akaja yule kijana wa kituoni na zile kurasa mbili. Nikasema sizitambui. Akasema mzee hajui kusoma wala kuandika, ndiyo maana aliweka dole gumba. Nikaomba kalamu na karatasi. Nikaandika, Mheshimiwa, mimi Apolinary Nyamburi nimeandika hii mwenyewe, na karatasi hii haina mistari. Karani akampelekea. Hakimu akaisoma, akauma mdomo wa chini kidogo, akampa mwendesha mashtaka naye asome.

Akamgeukia kijana, akamuuliza alijuaje kwamba sijui kuandika. Kijana akasema nilikataa kujibu swali hilo.

"Alikataa kujibu hata hilo," hakimu akasema, "sasa hizi kurasa mbili alizisema nani?"

Getruda, kijana akazigeuza zile kurasa kama padri anayetafuta mahubiri aliyoyasahau nyumbani.

Uamuzi ni tarehe nane Julai. Huenda nikafungwa, huenda nikatoka. Kama ni kufungwa, nifungwe kwa jambo waliloliona, si kwa jambo nililotiwa mdomoni. Na hilo neno lako kwamba hakuna aliyeniomba, ni kweli. Hakuna aliyeniomba.

Kaka yako,
Apolinary


Nyasura, Bunda
15 Julai 2024

Kaka yangu Apolinary,

Nasikia uko nyumbani Butiama, hakimu amesema huna kesi ya kujibu. Nimepiga magoti sakafuni nilipoambiwa. Naandika kwa sababu simu yako bado wanaishikilia, na pia kwa sababu barua hii haipiti kwa askari.

Miguu yangu haikuvimba. Mtendaji hakuumwa. Niliogopa nikija Musoma kukudhamini wataniuliza mwanangu yuko wapi na anafanya kazi gani.

Alikuwa yeye, na wenzake wawili wa minadani. Walipitisha ng'ombe kwako kwa sababu alijua mbwa wako hatambwekea mtu wa nyumbani. Nililijua siku ya Noeli, alipoleta nyama nyingi na hakula. Nililijua nikakuacha ulale huko nusu mwaka. Wewe ulilijua lini?

Yamekwisha, kaka. Serikali imeshindwa, wazee wamenyamaza. Tuliache hapo. Nakuomba.

Getruda


Nyasura, Bunda
30 Julai 2024

Apolinary,

Sikusalimii. Ulikuja Kabasa kwenye bucha ya mwanangu bila hata kupita kwangu kunywa maji. Siku ya tatu ameondoka kuja huko, na leo naambiwa yuko mahabusu. Wewe uliyekaa kimya mbele ya polisi na hakimu, wewe uliyeandika kurasa kwa kurasa kuhusu Katiba, ndiwe uliyemtoa. Umeniulia mtoto. Ulikuwa unamtunza umchinje mwenyewe?

Getruda


Butiama
6 Agosti 2024

Getruda, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Mimi nakusalimia hata kama hutaki, salamu haina dhamana. Rhobi mzima, anasagiwa unga mashineni tena. Mtama tumevuna, ndege walichukua sehemu yao. Mbwa nimemkaripia kwa kuchagua watu wa kubwekea.

Uliuliza nililijua lini. Nililijua asubuhi ile ile. Nilizunguka nyuma ya zizi kabla Silasi hajafika, nikaona alama ya buti la Gody, lile lenye kisigino kimelika upande mmoja kama cha baba yake. Nikapitisha mbuzi juu yake, ikafutika. Hilo ndilo kosa langu, nalo nimemwambia Alfonsi.

Sasa sikiliza nilichofanya Kabasa. Nilimkuta anaosha ndoano za kutundikia nyama. Nikakaa kwenye benchi la wateja. Sikuja na mzee wala askari. Akaniuliza, "Mjomba, kwa nini hukunitaja?"

Nikamwambia kukutafuta ilikuwa kazi ya serikali, ikaona rahisi kuchovya dole langu. Na wazee walitaka niwafanyie kazi kwa kunitisha. Mimi si kibarua wa mtu yeyote. Halafu nikamwambia hivi, na ndiyo maneno pekee niliyomwambia: sheria imeizuia serikali isimkamue mtu maneno. Haijamzuia mtu kufungua mdomo wake mwenyewe. Nikasimama nikaondoka. Sikupita kwako kwa sababu ningepita ungenilisha, na mimi nikishiba nalegeaga.

Sikumleta. Sikumwekea siku. Asingekuja, ningekufa nimenyamaza, na Alfonsi angenizika akiniita mwizi. Alikuja mwenyewe, Getruda, kwa miguu kutoka barabarani, akaenda moja kwa moja kwa Alfonsi. Kisha wakaja hapa na wazee. Akaanzia pale mlangoni pangu, fimbo ya Silasi ilipochomekwa, akawatembeza mpaka barabara ya Bunda, akiwaeleza nani alikuwa wapi. Wale wenzake hakuwaficha. Mwanao alizitoa nyayo. Mimi nilishindwa, yeye kaziweza.

Watoto wa Alfonsi walitaka kumfunga kamba. Mmoja alikuwa na rungu. Nikasimama mbele yake na goti langu bovu, nikasema atakayempiga aanze na mimi, na mimi safari hii nitapiga kelele mpaka Musoma. Nikawaambia mwizi aliyejileta hapigwi, na aliyekamatwa naye hapigwi, kitabu kinasema, kama hawaamini nitawaletea Benjamini awasomee. Alfonsi mwenyewe akawanyang'anya lile rungu. Analia, lakini akalinyang'anya. Polisi wakaitwa, wakamchukua akiwa mzima, meno yote mdomoni.

Huyo ndiye mtoto unayesema nimemuua.

Jana amefikishwa mahakamani. Dhamana iko wazi, wadhamini wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni mama yake, na leo sitaki kusikia habari za miguu. Akisimama kizimbani aone watu wake wamekaa mbele. Atakachokisema huko akiseme mwenyewe, akitaka. Asipotaka, wamthibitishie kama walivyotakiwa kunithibitishia mimi.

Barua hii naiandikia ofisini kwa mtendaji wa kijiji, nimekuja kuchukua barua ya udhamini. Ananiangalia kama amemeza mfupa wa sangara. Amesema, "Mzee, unamdhamini mtu aliyekuweka ndani nusu mwaka?"

Nikasema ndiyo.

"Na ameshakiri."

"Amekiri kwa Alfonsi. Mahakama haijamtia hatiani. Kwa hiyo leo, mbele ya meza yako, Gody si mwizi. Andika."

Akasema anakwenda kunywa chai kwanza, pengine nikichoka nitaondoka. Ameenda. Mimi nimehama benchi, nimekalia kiti chake.

Kaka yako,
Apolinary